Mtoto Aliyetangulia

Ndugu zangu, wenye watoto wapakateni, maana mfano wa leo ni wa mtoto.

Kulikuwa na mama mmoja huko milimani, upande wa migomba na chai, ambako ukungu hauondoki mpaka jua liwe juu. Mtoto wake wa kwanza alimwita Gwakisa, na tangu siku hiyo naye akawa Mama Gwakisa kwa kila mtu. Mtoto alizaliwa mnene, mtulivu. Ananyonya kidogo, analala. Anaamshwa, ananyonya kidogo, analala tena. Wanawake waliokuja kumpongeza walimwambia ana bahati, wao usingizi walishausahau. Naye akaamini. Nani kati yenu angelalamika kwa sababu mtoto halii?

Lakini miezi ikapita na shingo ya mtoto haikukaza. Wenzake wakakaa, yeye amelala. Wenzake wakatambaa, wakasimama, wakaanza kuwaita kuku na mbuzi kwa majina, yeye ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Ulimi ukawa unatokeza nje ya mdomo, ngozi ikakauka, kimo kikagoma. Mama alizunguka naye kote, kwa wenye mizizi na kwa wenye maombi. Zahanati wakampa dawa ya minyoo na kumwambia aongeze karanga kwenye uji. Baba wa mtoto akaenda Chunya kutafuta dhahabu, na huko akaoa mke mwingine.

Aliyemuumiza zaidi alikuwa wifi yake, Subilaga, dada wa huyo mume. Siku moja msibani, wanawake wakiwa wamekaa wanamenya ndizi, Subilaga alisema bila kupunguza sauti, "Kwenye ukoo wetu hatuna watoto wa namna hii. Huyo amekuja na laana ya kwa mama yake." Mama Gwakisa alikuwa palepale, kisu mkononi. Aliendelea kumenya. Kuanzia hapo, kila alipotoka na mtoto, alimfunika kitenge mpaka usoni.

Gwakisa alipofikia umri wa kuanza shule, walikuja madaktari kutoka mjini, wakaweka kambi kwenye hospitali ya wilaya. Walikuwa wanafanya utafiti juu ya watoto wanaozaliwa na tezi ya shingoni iliyolala. Tezi yenyewe ni ndogo tu, ndugu zangu, lakini ndiyo inayotoa homoni, yaani kile kichocheo kinachouambia mwili ukue na ubongo ujijenge. Mtoto akizaliwa bila kichocheo hicho, kila kitu ndani yake kinasubiri.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Alimpima Gwakisa, akachukua damu, na majibu yalipotoka akamkalisha mama yake na kumweleza bila haraka.

"Kwa hiyo si laana," Mama Gwakisa alisema.

"Si laana. Ni ugonjwa, na dawa yake ipo. Ni kidonge cha kila asubuhi, maisha yake yote."

"Akimeza atakuwa kama wenzake?"

"Atarefuka. Atapata nguvu, atatembea vizuri, choo hakitamsumbua tena. Lakini ubongo ulikihitaji kichocheo hicho alipokuwa mchanga kabisa. Kilichopotea wakati ule hatuwezi kukirudisha. Siwezi kukudanganya, mama yangu."

"Na huo utafiti mnaotaka aingie?"

"Huo ni kwa ajili ya watakaozaliwa. Tunataka kujua ugonjwa huu unaanzaje kwa watoto wa huku, ili wachanga wapimwe mapema kabla hawajaharibikiwa. Dawa Gwakisa atapewa hata ukikataa."

"Kwa hiyo mnataka damu ya mwanangu iwasaidie watoto wa wengine."

"Ndiyo," daktari alisema.

Mama Gwakisa alichukua dawa, akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka bila kuaga. Njia nzima alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Walikuwa wapi watu hawa wakati mwanawe ni mchanga? Na sasa wamekuja na sindano zao kumwomba msaada yeye, aliyekosa wa kumsaidia. Tusimhukumu. Sisi hapa, mtu akituomba kitu ambacho hakitaturudia, huwa tunamjibu haraka?

Vidonge vikafanya kazi yake. Mikono ya Gwakisa, ambayo siku zote ilikuwa baridi, ikapata joto. Akaanza kusimama mwenyewe, akashika ukuta, akafika mlangoni, akatazama nje. Mama yake alilia siku ile. Kisha, aliporudi hospitali kuchukua dawa nyingine, kwenye benchi akakaa na binti mmoja mwenye mtoto mchanga. Binti yule alikuwa anajisifu kwa furaha kabisa kwamba wake halii, analala tu, mpaka anasahau kama ana mtoto.

Mama Gwakisa aliukumbuka usingizi wa Gwakisa akiwa mchanga. Alimshika binti mkono, akamwingiza kwa daktari mbele ya wote waliokuwa kwenye foleni. Mtoto alipomaliza kupimwa, Mama Gwakisa akasema, "Sasa chukueni na damu ya mwanangu. Na mniulize yote mnayotaka kuniuliza." Akawaeleza yote, usingizi ule, sauti nzito ya kilio, kitovu kilichotokeza. Kila walipomwita alikwenda. Gwakisa aliichukia sindano, na mama yake ndiye aliyemshika.

Kutokana na kazi hiyo, wilaya ile ikaanza kuwapima wachanga wote, tone la damu kutoka kisiginoni. Na wa kwanza kupatikana kijijini kwao, unadhani alikuwa mtoto wa nani?

Wa Subilaga. Subilaga aliyekaa miaka mingi ndani ya ndoa bila mtoto, na sasa amempata binti. Nesi alimfuata nyumbani akamwambia majibu si mazuri, mtoto aanze dawa wiki hiyohiyo. Subilaga akamfukuza. Akasema hao ni watu wa utafiti, wanataka kumjaribia dawa zao mwanawe, na mwanawe mzima, analala vizuri. Nesi alirudi mara ya pili, akakuta mlango umefungwa. Mwenye habari hizo alikuwa Subilaga mwenyewe, alizitangaza mashineni wakati wa kusaga, na kabla ya jioni zilikuwa zimemfikia Mama Gwakisa.

Hapa, ndugu zangu, nataka tusimame. Mama huyu hakuhitaji kufanya ubaya wowote ili kulipiza kisasi. Ilitosha akae tu nyumbani kwake. Asiseme neno, apike, afue, siku zipite, na wifi yake ayaonje aliyoyaonja yeye. Na wazo hilo lilimjia. Lilimjia, akalishika, akakaa nalo asubuhi nzima. Hakuwa malaika.

Mchana akamwogesha Gwakisa, akamvika shati safi, wakatoka. Hakumbeba. Hakumfunika. Walitembea katikati ya kijiji, polepole kwa mwendo wa mtoto, watu wakitazama.

Subilaga alikuwa barazani na mtoto mapajani. Alipowaona alimvuta mtoto kifuani.

"Umefuata nini hapa, wifi?"

"Nimekuja kumwona mtoto."

"Umeshamwona."

"Analala sana?"

"Mtoto kulala ni kosa?"

"Gwakisa alikuwa analala hivyohivyo," Mama Gwakisa alisema. "Mlikuja mkaniambia nina bahati. Na wewe ulikuwepo."

Subilaga alisimama. "Sasa nimekuelewa. Unaona uchungu kuwa na mtoto wa namna hiyo peke yako. Unataka na wangu awe kama wako."

"Sitaki awe kama wangu," Mama Gwakisa alijibu. "Ndiyo maana nimekuja." Akamsogeza Gwakisa mbele. "Mtazame vizuri, wifi. Mtazame muda wote unaotaka. Halafu uamue."

Subilaga alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama mtoto yule bila kusonya. Aliuona ulimi, miguu mifupi, tabasamu ambalo halikujua liko mbele ya nani. Akaketi, akajifunika uso kwa mikono. Mama Gwakisa akampokea mtoto asije akaanguka. Asubuhi yake walikwenda hospitali pamoja, na binti akaanza dawa.

Leo binti huyo yuko darasa la kwanza, anasoma, na anaongea mpaka mwalimu anachoka. Gwakisa amerefuka kidogo. Anavaa mwenyewe, anachota maji kwa kidumu, ana maneno machache na anayatumia vizuri. Zaidi ya hapo hakwenda.

Basi Jumapili moja Subilaga alitoa shukrani kanisani. Alisimama mbele na binti yake aliyevaa gauni jipya, akashuhudia. Akamshukuru Mungu aliyemwondolea aibu. Akawashukuru madaktari, akamshukuru hata nesi ambaye yeye mwenyewe alimfukuza. Akasema, "Mwanangu angekuwa si mtu. Lakini Mungu alinipenda, akamwokoa."

Mama Gwakisa alikuwa kwenye benchi la nyuma, amekaa na mwanawe. Alingoja jina lake. Halikutajwa. Kanisa zima likapiga makofi, naye akapiga. Gwakisa akafurahi, akapiga makofi kwa nguvu. Watu waliponyamaza yeye aliendelea, peke yake, na waumini wakageuka wakacheka kidogo.

Mimi naogopa kicheko kile, ndugu zangu, kwa sababu nakijua. Ni chetu. Sisi ndio tunaosema Mungu alinipenda, akamwokoa wangu, na wala hatujiulizi maneno hayo yanaanguka wapi. Je, Gwakisa Mungu hakumpenda? Yule aliyepona, alipona kwa damu iliyotoka mkono wa nani? Nendeni nyumbani mkatazame dawa mlizonazo, ya sukari, ya kifafa, chanjo alizochomwa mtoto wako akapiga kelele. Hakuna hata moja iliyofika kwako kabla mtoto wa mtu mwingine hajaugua ugonjwa huo, hajachomwa, hajatazamwa na madaktari wakajifunza kwake. Wengi wao hawakufaidi chochote. Mama zao walijua hivyo, na wakakubali.

Hatuwezi kuwataja wote, majina hatuyajui. Lakini wako walio karibu nasi. Wako hapa leo, kwenye mabenchi ya nyuma, kwa sababu huku mbele tunawakodolea macho. Kabla mtu hajaja hapa kushuhudia kwamba Mungu amemtendea, naomba kwanza aende kule nyuma, aketi na mama mmojawapo wa hao, amsalimie mwanawe kwa jina lake. Mimi nitasubiri. Ibada haitaendelea mpaka tumefanya hivyo.