Samaki wa Ndoo

"Samaki wa ndoo hajui shimo." Mmeisikia leo sokoni, mmecheka weee, halafu mnaniuliza imetoka wapi. Haya, sogeeni, maana hii si ya enzi za mababu hata kidogo. Aliyeisema mara ya kwanza yupo, mzima, na majani anakata mpaka leo. Methali hii ilianza hivi.

Juu ya kijiji cha Kwamfuo palikuwa na kiwanda cha mbolea. Bomba lake la maji machafu lilimwaga mtoni, na sasa wenye kiwanda walitaka la pili, lishuke mpaka kwenye bwawa ambamo Kwamfuo nzima inachota maji ya kunywa. Serikali ikasema, subirini kwanza. Tukague bomba la kwanza limeacha nini kinachopumua huko mtoni.

Sasa, kati ya wakaguzi alikuwepo Namsifu, mtoto wa Kwamfuo hiyo hiyo. Ndiyo kwanza katoka chuo, ndiyo kwanza kapata kazi, tena ya mazingira, tena kwao! Alipanda gari la ofisi na viatu vipya na kalamu tatu. Mama yake alikuwa amemwambia neno moja tu: "Mwanangu, hilo bomba likija, sisi tunahama."

Kiwandani walipokewa na Bwana Mshitu, msimamizi wa mazingira wa pale, mtu wa tabasamu na shati lililonyooka. Wakapima maji, yakatoka safi. Wakahesabu miti ambayo kiwanda kiliagizwa kupanda, ikatimia. Bwana Mshitu akasugua mikono.

"Si mnaona wenyewe?"

Mkuu wa wakaguzi, Mzee Kajiru, hakuwa mtu wa haraka. "Maji yanasema habari za leo," akasema. "Samaki ndio wanaosema habari za mwaka mzima. Nionyeshe samaki."

"Samaki tu? Karibuni!"

Akawapeleka kwenye dimbwi, chini kabisa ya bomba. Jamani! Perege walikuwa wamejaa, wanene, mikia inameta.

"Wapo! Mzee, wapo!" Namsifu akaruka, na kabla hajaulizwa alikuwa ameshaandika kwenye fomu: samaki wapo, wengi. Halafu akakumbuka neno la mama. Samaki wakiwepo, kiwanda kimefaulu. Kiwanda kikifaulu, bomba linapita, na mama anafunga mizigo. Akaiangalia ile fomu. Kufuta asingeweza, samaki aliwaona kwa macho yake.

Akavua viatu, akashuka ukingoni awatazame kwa karibu. Na pale, miguu ikigusa tope, ikakumbuka yenyewe. Kwamfuo watoto huvua perege kwa mikono. Mmoja anapiga kishindo ukingoni, perege wanachomoka, kila mmoja shimo lake chini ya mizizi, mwenzake anatia mkono anamtoa. Perege wa mtoni haulizi njia.

Namsifu akapiga kishindo. Puh!

Perege wakatawanyika, wakagonga ukingo, wakarudi katikati wakajikusanya kama wageni stendi. Akapiga tena. Wakazunguka, wakazunguka. Na mashimo yapo pale pale, matano, yameachama midomo! Akajilaza kifudifudi, akazamisha mkono hadi begani. Tope tupu, limejaa mpaka mlangoni. Hakuna aliyelala humo siku nyingi.

"Namsifu, hiyo ni ngoma ya wapi?" Mzee Kajiru akauliza.

"Mzee, hawajui kwao!"

"Nani?"

"Samaki! Hawajui mashimo yao!"

Bwana Mshitu akacheka kidogo. "Binti, siku hizi chuo kinafundisha kurukaruka? Umewatisha tu na viatu vyako."

"Viatu nimevua, baba. Na perege akitishwa ndipo anapokwenda nyumbani."

Nyuma yao Mama Nakunda, kibarua wa kukata majani, alikuwa akijizuia tangu mwanzo. Kicheko kikamponyoka. "Samaki wa ndoo, mwanangu, shimo atalijulia wapi? Kaja jana alasiri!" Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja.

Bwana Mshitu akatazama juu, utadhani anasubiri mvua.

"Ndoo ngapi, mama?" akauliza Mzee Kajiru taratibu.

"Saba, baba. Nimebeba mbili mimi mwenyewe."

Mzee akamgeukia Namsifu. "Ongeza mstari. Samaki wapo, wa kuletwa. Wa mtoni, hakuna hata mmoja. Na maji haya tutarudi kuyapima siku wasiyotutegemea."

Mama Nakunda alifukuzwa kazi siku ile ile. Akasema majani yapo kila mahali, akachukua panga lake akaondoka. Kiwanda nacho kikanyimwa bomba la pili, kikaamriwa kusafisha maji yake mpaka samaki warudi kwa miguu yao.

Namsifu alipewa barua ya uamuzi akaiweke kwenye faili, lakini alipiga simu kwanza. "Mama! Bomba halipiti! Mama, halipiti!"

"Punguza sauti, nasikia. Imekuwaje?"

Akamweleza yote kwa pumzi moja, mpaka kicheko cha Mama Nakunda. Upande wa pili mama akaanza kucheka, akalia, akacheka tena, akatoka nje na simu mkononi kuwaambia majirani. Kufikia jioni Kwamfuo nzima ilikuwa nayo mdomoni, na mizigo hakuna aliyefunga.

Ndiyo hivyo, wadogo zangu. Anayejifanya mwenyeji msibishane naye. Pigeni kishindo tu, mtazame anakimbilia wapi. Samaki wa ndoo hajui shimo.