Mgonjwa wa Bwana Mwinyikondo

Bwana Mwinyikondo, tajiri wa mashine za kukamua mafuta, alivaa suti nzito hata kwenye jua la saa saba. Miezi mitatu aliwashwa na vipele kinenani, lakini aliona aibu kwenda zahanati. Akamwita Chande, mtumishi wake.

"Nenda kwa daktari, useme unaumwa wewe. Ukinitaja, huna kazi."

Chande akarudi na dawa ya kupaka. "Upake asubuhi na jioni, ujikaushe vizuri ukishaoga, uvae nguo zisizobana, na usiache dawa hata muwasho ukitulia."

"Basi?"

"Kuna jingine, bwana. Mgonjwa asiguse kazi wiki tatu. Daktari atapita kumkagua bila taarifa. Akinikuta nachota maji, atauliza mgonjwa hasa ni nani."

Tajiri akatokwa na jasho. Wiki tatu Chande alijilaza barazani akiletewa wali, huku Mwinyikondo, kajifunga msuli, akichota maji na kupasua kuni. Vipele vikaisha.

Siku moja akakutana na daktari. "Mbona hukuja kumkagua mtumishi wangu?"

"Kumkagua? Sikuahidi kuja. Ugonjwa ule haumzuii mtu kufanya kazi."

Mwinyikondo akafika nyumbani akifoka. "Mwongo wee! Hukuwa mgonjwa!"

Majirani wakachungulia. Chande akauliza kwa sauti, "Kama sikuwa mgonjwa mimi, bwana, ile dawa alikuwa akipaka nani?"

Mwinyikondo akatazama huku na huku, kisha akasema kwa upole, "Pole, Chande. Hebu rudi ukalale."