Mzee Nungunungu Alivyopima Maisha ya Ng'ambo

Paukwa!

Pakawa!

Wenye mvi sogeeni mbele, leo ni zamu yenu. Na nyinyi watoto sikilizeni, uzee unakuja hata usipoitwa.

Hapo zamani za kale, Mzee Nungunungu na mkewe, Bi Nungu, walichimba viazi. Wakachimba, wakachimba, mpaka kucha zikasagika. Ghala likajaa. Mzee akasema, "Mke wangu, tumechoka. Twende ng'ambo ya mto kwa Pimbi, tukamalizie uzee. Nasikia maisha kule ni rahisi."

"Nani kakwambia?"

"Nitakwenda nikapime mwenyewe."

Akaenda, chakacha, chakacha, miiba ikilia njiani. Pimbi wakampokea. Wakamtandikia, wakampa maji ya kuoga, wakampa uji. Kesho yake vilevile. Akitaka kulipa, wanacheka, "Aa, mgeni halipi." Siku ya tatu alfajiri akaaga, akarudi mbio.

"Kule kiazi kimoja kinakutosha siku nzima," akamwambia mkewe. "Maji bure, kivuli bure."

"Na ukiugua?"

"Sikuugua."

"Mume wangu, wewe ulikuwa mgeni."

"Usinifundishe. Nimekula kwa mdomo wangu mimi."

Mwanamume akishakunywa uji wa ugeni haambiliki. Shimo lao wakamwachia Ngiri kwa makapu ya viazi, wakajitwika mali yao yote, wakavuka.

Siku mbili wakaandaliwa. Siku ya tatu Pimbi wakaja na jembe.

"Mzee, mgeni siku mbili. Shika hili. Kama huwezi kulima, lete viazi."

Kucha hana, atalimaje? Akatoa viazi. Maji, viazi. Kivuli cha jiwe, viazi. Kiangazi kikaingia, kila kitu kikapanda. Ghala likapungua, likapungua, likabaki vumbi. Ndipo Bi Nungu akashikwa na homa. Mganga wa Pimbi akasimama mlangoni, hata ndani hakuingia.

"Kapu la viazi kwanza," akasema.

Kapu litoke wapi?

"Nilikuuliza," Bi Nungu akamwambia mumewe. Hakusema tena. Akazikwa ugenini, chini ya jiwe la watu. Nami nikifika hapa huwa naona uchungu, maana yeye alijua, na aliyejua ndiye aliyekufa.

Mzee akarudi peke yake, chakacha, chakacha. Akafika kwenye shimo alilolichimba kwa mikono yake.

"Hodi."

Ngiri akachungulia. "Mzee, pole na msiba. Lakini nina watoto humu. Labda siku mbili nikuweke, nikijibana."

Mzee akakaa pale nje, akalia.

Basi jueni: ukitaka kujua gharama ya mahali, usimuulize mgeni, hata kama mgeni huyo ni wewe. Muulize mwenyeji aliyeugulia pale, tena wakati wa kiangazi.

Hadithi yangu imeishia hapo, nje ya mlango. Mwenye pa kulala na akalale.