Ndiyo ya Marehemu Mwanatumu

Hapo zamani, katika mji wa Tundwani, watu walikuwa na ada moja ambayo wafalme wa jirani waliiona kuwa ni maradhi: walimchagua jumbe wao wenyewe. Jumbe ndiye aliyegawa maji ya kisima na kuamua ugomvi wa sokoni, na kila mtu mzima, mume kwa mke, alitia kokwa moja ya tende katika mtungi wa mtu amtakaye. Kisha kokwa zikahesabiwa mchana kweupe, na mwenye nyingi ndiye jumbe. Ada hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa. Shamte, mpwa wa Sultani Darweshi, hakupata kushinda kwayo hata mara moja.

Basi Waziri Mahfudhi, mtu mwenye fikra nyingi, hasa za wengine, akashauri kwamba kura zisihesabiwe tena, bali zipimwe. Kila mtu angetia tunda la shamba lake mwenyewe, nalo lingewekwa kwenye mizani. Shamte alikuwa na shamba la minazi. Asiye na shamba angetia nia njema, ambayo Waziri mwenyewe alikiri kuwa ni nyepesi kidogo.

Sultani alipendezwa mno. Lakini alikuwa mfalme mwadilifu, kwa maana kwamba alipenda kuambiwa hivyo, akasema, "Sitabadili ada ya wazee pasipo kuwauliza watu. Waulizwe. Ila waulizwe vizuri."

Wakaulizwa vizuri. Wapiga mbiu walipita nyumba kwa nyumba wakisema, "Je, mwataka uzani wa haki, au mwataka kubaki na kuhesabu kwa kijinga?" Seremala mmoja akajibu kwamba hataki, kwa kuwa jirani yake anataka. Jirani akasema kwamba alikuwa hajaamua, lakini maadamu seremala hataki, yeye anataka sana. Bibi mmoja akauliza kama mizani hiyo itapima na sukari. Nao wafumaji wa Mtaa wa Juu, wasio na shamba wala mti, wakasema "Hatutaki!" kwa sauti iliyofika jumbani kwa Sultani bila kuhitaji mjumbe. Ikawa mtungi mwekundu, ambao ndio uliowekewa kokwa za siyo, unajaa, na mtungi mweupe wa ndiyo ukigongwa unaitika kama ngoma.

Waziri akatoa tangazo jipya: "Asiyesema lolote, amesema ndiyo." Hapo mambo yakanyooka. Waliokwenda safari wakakubali. Wagonjwa wa homa wakakubali. Watoto wachanga waliokuwa wamelala wakakubali, na waliolia ikaonekana kwamba hawakulielewa swali. Punda nao walinyamaza, lakini Waziri, kwa haya zake, hakuwatia wote. Hata hivyo mtungi mwekundu ulikuwa ungali umezidi, kwa sababu wafumaji ni wengi. Ndipo wapiga mbiu walipotumwa makaburini.

Huko wakamkuta Mwinchande aking'oa magugu.

Mwinchande huyu alikuwa fukara, na mji mzima ulimwita mwehu, kwa kuwa alikuwa akijibu alichoulizwa. Mkewe, Mwanatumu, ndiye aliyekuwa akimtengenezea Sultani tambuu za kutafuna barazani, na alikuwa amefariki kabla ya mvua za masika. Tangu hapo Mwinchande alikuwa hasemi sana. Mpiga mbiu akasimama miguuni pa kaburi, akabisha, "Hodi, Bi Mwanatumu."

"Wamtaka nani, bwana?" akauliza Mwinchande.

"Mkeo, ami. Nina swali la serikali."

"Amehama."

"Naona. Lakini jina lake lingalipo mjini." Mpiga mbiu akalisoma swali lote, pamoja na uzani wa haki na kuhesabu kwa kijinga, akatega sikio kwa adabu, kisha akatoa kokwa mfukoni na kuitia katika kifuko cheupe. "Amekubali," akasema, akaenda kwenye kaburi la pili.

Mwinchande akabaki na magugu mkononi. Mwanamke yule alipokuwa hai hakupata kukubali jambo lolote kwa mara ya kwanza, hata bei ya chumvi. Na sasa, kwa siku zote zitakazokuja, watu wangesema kwamba Mwanatumu binti Mwalimu alitaka Shamte ampimie maji. Basi akanawa mikono, akaenda barazani.

"Maulana," akasema, "nimekuja kudai ndiyo ya mke wangu. Imetolewa bila yeye kujua."

Baraza likacheka. Waziri akasimama, akakunjua joho lake. "Ewe Mwinchande, hebu nikuulize. Bibi harusi akiulizwa na kadhi, akanyamaza, huhesabiwa amekataa au amekubali?"

"Amekubali, Bwana Waziri."

"Na mkeo alipoulizwa siku ile, alinyamaza?"

"La. Alisema, 'Nakubali, lakini apunguze maneno.' Kadhi akasema hajapata kusikia bibi harusi akiweka sharti, naye akamwambia basi asikie leo. Maulana, bibi harusi hunyamaza naye ana ulimi. Mke wangu leo hana. Kunyamaza kwa anayeweza kusema si sawa na kunyamaza kwa asiyeweza."

"Kimya ni kimya!" akasema Waziri. "Tukianza kuuliza kila kimya kina maana gani, hatutamaliza."

Sultani aliona kwamba maneno ya mwehu yanaanza kuwaingia wazee wa baraza, naye hakupenda kitu chochote kiwaingie wazee wa baraza. Akasema, "Vema. Wewe wadai kwamba mkeo hakukubali. Ijumaa, baada ya sala, mitungi itafungwa mbele ya watu wote. Siku hiyo niletee jibu lake. Nataka litoke kinywani, nilisikie kwa masikio yangu, hapa hapa barazani. Ukiniletea, nitavunja mitungi yote miwili na watu waulizwe upya. Ukishindwa, utakatwa ulimi, nawe utakuwa mtu wa kukubali kila kitu."

"Nimesikia, Maulana," akasema Mwinchande. "Jibu lake, litoke kinywani."

"Kinywani."

Akaenda zake. Watu wakampa pole njiani, na wengine wakaanza kumsemesha kwa wingi, wapate kumbukumbu ya sauti yake.

Ijumaa ikafika, na uwanja ukajaa hadi kwenye paa za nyumba. Mwinchande akaja amevaa kanzu iliyopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, mkononi ana kisahani kilichofunikwa kwa jani la mgomba.

"Jibu li wapi?" akauliza Sultani.

"Li njiani, Maulana. Kwanza nimekuletea tambuu. Nimeikunja kama alivyokuwa akikunja marehemu."

Uso wa Sultani ukalegea. Tangu Mwanatumu afariki alikuwa akitafuna tambuu za watu wa jumbani, ambazo zilikuwa na adabu nyingi na ladha kidogo. Mwinchande alikuwa amezikumbuka zile za mkewe mkono kwa mkono: jani bichi, popoo, chokaa, katu na tumbaku kali. Ila hii aliikunja kubwa kama ngumi. Sultani akaipokea, akaisukuma yote shavuni, akafumba macho.

"Na leo, Maulana, niruhusu nikushikie tasa ya kutemea. Ni heshima ndogo, lakini ulimi wangu ukikatwa sitaweza kuiomba tena."

Sultani akatikisa kichwa kukubali, akacheka kwa pua. Mwinchande akaipokea tasa kwa mikono miwili, akaketi, akaiweka mapajani, akaifunika kwa kanzu yake. Kisha akangoja.

Sasa, Tundwani kulikuwa na sheria mbili za baraza. Ya kwanza, mtu haondoki mahali pake ila kwa neno la Sultani. Ya pili, Sultani akitema mate juu ya busati la baraza, ameutema na ufalme. Na tambuu yenye popoo nyingi haina subira, hujaza kinywa mate hata mtu asiweze kusema. Muda si mrefu mashavu ya Sultani yalikuwa yametuna, na macho yake yanaitafuta tasa.

Mwinchande akasimama na tasa yake, akasema kwa sauti ya wapiga mbiu, "Maulana, wakubali kwamba kokwa zihesabiwe kama zamani, zisipimwe?"

"Mmh!" akasema Sultani.

"Ameguna. Bwana Waziri, kuguna ni kusema?"

Waziri akapiga hesabu kwa vidole. Akisema kuguna ni kusema, wagonjwa wote wa homa wangehamia mtungi mwekundu. "Kuguna," akasema polepole, "si kusema."

"Basi Maulana amekubali. Maulana, wakubali kwamba shamba la minazi la Shamte wapewe wafumaji?"

Sultani akapunga mikono yote miwili. Mlinzi mmoja akainua mguu, akakumbuka hakuna neno lililotolewa, akaurudisha.

"Bwana Waziri, kupunga mikono?"

"Mwinchande, tafadhali, mpe tasa."

"Nitampa akiiomba. Je, kimya si kimya? Au huenda mtu akanyamaza kwa kuwa kinywa chake kimezuiwa? Wewe ndiwe mwenye sheria, niambie, na mbele ya watu hawa niandame neno lako." Waziri akatazama uwanja, akatazama mtungi mweupe alioujaza kwa taabu nyingi, akanyamaza. "Waziri naye amekubali," akasema Mwinchande, na juu ya paa watu wakaanza kushikana mbavu. "La mwisho, Maulana. Wakubali kwamba kiti hicho, na jumba hili, na kilemba hicho, nivichukue mimi leo kabla ya alasiri?"

Sultani akawa mwekundu, kisha rangi nyingine isiyo na jina. Akafumba macho, akameza: popoo, chokaa, tumbaku na yote. Machozi yakamtoka, akapiga kwikwi, akaruka kutoka kitini na kupiga kelele iliyosikika Mtaa wa Juu:

"Sikukubali! Mwongo wewe! Sikukubali hata neno moja! Nilikuwa siwezi kusema!"

 Mwinchande akapiga magoti, akaweka tasa mbele ya miguu ya Sultani.

"Hilo ndilo, Maulana. Hakukubali hata neno moja. Alikuwa hawezi kusema. Uliniagiza jibu la mke wangu litoke kinywani, ulisikie kwa masikio yako, hapa hapa barazani. Hukuniambia litoke kinywani mwa nani."

Sultani akapiga kwikwi nyingine. Akamtazama Waziri, na Waziri akaona kwamba mji una mandhari nzuri upande wa pili. Kisha Sultani, ambaye tumbo lake lilikuwa tayari limeanza kumhukumu, akacheka. Kwanza kwa hasira, baadaye kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka na hakutaka kuhesabiwa na walionyamaza.

Mitungi ikavunjwa. Watu wakaulizwa upya, walio hai tu, kila mmoja kwa kinywa chake, na wakasema siyo kwa wingi ambao hata Waziri hakuweza kuupima. Seremala alijibu kwanza safari hii, ili jirani yake apate taabu.

"Nawe wataka nini?" Sultani akamwuliza Mwinchande.

"Kokwa ya mke wangu."

"Zimemwagika zote, na zote zafanana. Utaijuaje?"

Mwinchande akainama juu ya vigae, akachagua mpaka akapata moja iliyopinda, isiyolala sawa na nyenziwe. Akaitia mfukoni, akaaga.

Nyumbani akaiweka kokwa ile dirishani, pale alipokuwa akiketi Mwanatumu akikunja tambuu zake. Akavua kanzu, akaitazama mikunjo yake, akauliza, "Je, nimefanya vema?"

Nyumba ikakaa kimya. Mwinchande akangoja kwa adabu, kisha akaenda kuwasha moto, wala hakukihesabu kimya hicho kuwa ni ndiyo.