Kanzu ya Mikono Kumi

Zamani hizo, watoto wangu, wanyama walipokuwa bado wanavaa kanzu na kugombania bei sokoni, aliishi fundi cherehani mmoja jina lake Pimbi. Mnamjua pimbi? Ni yule mnyama mdogo wa majabalini, mnene kama mto wa kulalia, asiye na mkia wa kujivunia. Alikuwa na mke na watoto, na nyumba nzima ilikuwa na njaa.

Njaa hiyo ililetwa na Kiboko. Mtama wote wa nchi ile ulipita mikononi mwake, naye alikuwa na vibaba viwili vya kupimia. Cha kununulia kilikuwa buyu ambalo ungeweza kumwogeshea mtoto. Cha kuuzia kilikuwa ganda la konokono.

"Bwana Kiboko," Pimbi alimwambia siku moja, "nimelipia kibaba cha mtama, nawe umenipa chakula cha sisimizi."

"Hicho ni kibaba," akasema Kiboko.

"Na lile buyu?"

"Lile nalo ni kibaba. Majina yamefanana tu."

Pimbi akaenda kwa Mfalme Simba. Alimkuta amelala chali, watumishi wanamkuna tumbo, kwaru, kwaru, kwaru.

"Mfalme, tuwekee kibaba kimoja cha watu wote," Pimbi akaomba. "Watoto wangu wanalala na njaa."

"Serikali haiingilii biashara," Simba akajibu, macho ameyafumba. "Soko linajiendesha lenyewe. Kila mtu na kipimo chake. Usiporidhika, usinunue."

"Nisiponunua, nitakula nini?"

"Hilo nalo soko litalijua. Hapo, hapo, chini kidogo." Maneno hayo ya mwisho aliwaambia wakunaji.

Pimbi akarudi nyumbani. Mkewe akamwuliza, "Umeleta nini?"

"Nimeleta jibu la mfalme."

"Linapikwa?"

"Likingoja kidogo, mke wangu, litapikwa."

Basi ikafika harusi ya binti Simba. Mfalme alitaka kanzu mpya, na Kiboko, mgeni wa heshima, akataka ya kwake. Siku hizo kitambaa kilipimwa kwa mkono, tangu kiwiko mpaka ncha ya kidole.

"Nishonee kanzu ya mikono kumi," Simba akaagiza.

"Na mimi kumi na mitano," akasema Kiboko. "Nina umbo."

"Mikono kumi, na mikono kumi na mitano," Pimbi akarudia mbele ya wote, kwa adabu. "Mtapata kamili, wala sitapunguza hata unyoya."

Asubuhi ya harusi akafika na mafurushi mawili na kapu lenye kifuniko. Nje ngoma zilikuwa zimeanza, ndi, ndi, ndi. Simba akajitumbukiza ndani ya kanzu yake, akavuta, akavuta tena. Kraaa. Kanzu ikakwama shingoni, manyoya yakachomoza juu na chini kama ufagio uliofungwa kitambaa.

Kiboko alikuwa amejaribu yake kwa kila namna. Mwishowe iliingia kwenye sikio moja.

"Fundi," Simba akasema kwa sauti ya kubanwa, "hii ni mikono kumi?"

"Kumi kamili, Mfalme."

"Mikono ya nani?"

Pimbi akanyoosha kijikono chake. "Yangu. Kila mtu na kipimo chake, ndivyo ulivyosema."

"Huu ni wizi," akafoka Kiboko. "Mfalme, mfunge huyu."

"Nipo tayari," Pimbi akasema. "Ila kama mkono wangu ni wizi, basi na ganda la konokono liletwe tulitazame."

Simba akamtazama Kiboko, Kiboko akatazama dari, na ile kanzu ikaning'inia sikioni.

Wakwe walikuwa wanabisha hodi. Simba akaamua upesi, kama waamuavyo waliobanwa shingo. "Kuanzia leo, mkono ni mmoja na kibaba ni kimoja kwa nchi nzima. Vitakaa katikati ya soko, na Kobe atavilinda, kwa kuwa hafanyi biashara wala hana haraka. Atakayepima kwa kingine, soko limfungie mlango." Akaanza kunogewa. "Na bei nitapanga mimi. Na nani auze, na nani anunue, na nani—"

"Mfalme," Pimbi akamkatiza, "wewe tushikie kipimo, na umwadhibu anayekipinda. Bei tuachie, tutagombana wenyewe. Ndiyo raha ya soko."

Simba akafikiri. "Sawa. Lakini nitatokaje mbele ya wakwe hivi?"

Pimbi akafunua kapu. Ndani mlikuwa na kanzu nyeupe, ndefu, iliyopimwa kwa mkono wa Simba mwenyewe wakati amelala usingizi wa kukunwa. Ikamkaa sawasawa.

"Na yangu iko wapi?" Kiboko akauliza.

"Yako naanza kesho, Bwana Kiboko, kwa mkono mpya," akasema Pimbi. "Nawe utanilipa mtama kwa kibaba kipya."

Kiboko akaenda harusini hivyo hivyo, na bibi mmoja upande wa wakwe akamsifia kitambaa cha sikio.

Nanyi wanangu, shikeni hili: soko haliwi huru mpaka pawe na mtu wa kulinda kipimo cha wote.