Kwa Nini Mshairi wa Gudane Huanza na Habari za Jirani

Sogeeni karibu, maana habari hii husimuliwa kwa sauti ya chini. Kabla ya mabomba na mashine za kuvuta maji, mshairi alikuwa mali ya ukoo wake, kama ngamia mwenye chapa. Aliwasifu watu wake tu. Jirani hakumtaja, labda awe anamtukana.

Kisima cha Gudane kilikuwa cha watu wa kilimani na watu wa bondeni. Babu zao walikichimba pamoja. Wakati wa kunywesha, wanaume walisimama ndani yake mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana ndoo za ngozi huku wakiimba, na wimbo ukatoka ardhini kabla ya maji. Ebyan, binti wa kilimani, alikulia katika sauti hiyo. Yeye na Idil wa bondeni walichunga mbuzi pamoja, wakasukana nywele wakingoja zamu, wakapeana majina ya utani ambayo mama zao hawakuyajua. Enzi hizo mtoto akisikia kiu hakuulizwa ni wa nani.

Ebyan alipokuwa mtu mzima, ulimi wake ulijulikana kote kilimani. Harusi haikuchangamka mpaka asimame yeye.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua ilipita mbali. Watu wakaanza kugombania zamu. Siku moja vijana wa kilimani walimkuta Geedi, mume wa Idil, akimvuta ndama wao wa ngamia kwa kamba kando ya kisima. Wakapiga kelele za mwizi. Liban, kaka yake Ebyan, alikuwa na mkuki mkononi, na Geedi hakurudi tena nyumbani kwake. Haukupita muda ndugu zake wakalipiza kisasi kwa Liban. Kisima kikazibwa kwa matawi ya miiba, kila upande ukaweka walinzi, na hakuna aliyekunywa. Watu wakawa wanaswaga mifugo mbali kutafuta maji ya chumvi, na ngamia wakabaki mifupa njiani.

Ndipo Ami Samatar, mkubwa wa ukoo, alipokuja kwa Ebyan. "Binti yangu," alimwambia, "vijana wamevunjika moyo. Tutungie shairi la kuwaamsha. Wakilisikia watashuka bondeni, na maji yatakuwa yetu."

Ebyan alikubali, kwa kuwa alikuwa bado anamlilia kaka yake. Lakini kila alipotafuta tusi la kuwatupia watu wa bondeni, aliona uso wa Idil. Hasira anayo, maneno hana. Asubuhi moja akachukua kamba kama anayekwenda kutafuta kuni, akateremka hadi kwenye mto mkavu, mahali ambapo wanawake wa bondeni walikuwa wakichimba mchanga kutafuta maji.

Idil alikuwa peke yake, amepiga magoti, mikono imezama mchangani. Alipomwona hakuinuka.

"Watu wangu wakikukuta hapa hutarudi," alisema.

"Najua, dada. Niambie Geedi alikufaje."

Idil aliteka konzi ya mchanga, akaitupa kando. Kisha akasema, "Ndama wenu alitumbukia kisimani. Geedi aliingia akamtoa, akachana shuka lake, akamfunga mguu uliokuwa unavuja damu. Alikuwa anawaletea. Mchungaji wetu aliyaona yote, lakini nani angemsikiliza?"

Ebyan akakumbuka. Ndama yule alirudi kilimani na kitambaa cha bluu mguuni. Yeye mwenyewe ndiye aliyekifungua, akakifua, wala hakujiuliza kilikuwa cha nani. Akapiga magoti karibu na Idil, wakachimba pamoja, na hakuna aliyemwambia mwenzake pole, kwa sababu neno hilo lilikuwa dogo mno.

Siku watu wa kilimani walipokusanyika kulisikia shairi lake, vijana walikuja na mikuki. Ebyan akasimama katikati yao, akaanza:

*Kisima kilichimbwa kwa kucha na kwa kuimba,*
*kamba moja ikavutwa, kikombe kimoja kikazunguka.*
*Kwa nini leo kimekaa kimya, kimefunikwa kwa miiba?*

Wazee walitabasamu, wakatikisa vichwa, kila mmoja akiikumbuka zamu yake ya ujana. Kisha shairi likageuka. Ebyan akamtaja Geedi kwa jina, akataja shuka lililochanwa na mguu uliofungwa. Akamtaja na aliyeushika mkuki.

"Amelogwa huyu!" kijana mmoja akapiga kelele. "Mnyamazisheni!" Wengine wakamsogelea.

Mama yake Ebyan akainuka kutoka walipokaa wanawake. "Mwacheni amalize," alisema. "Liban ni mwanangu mimi, si wenu."

Wakamwacha amalize. Ami Samatar akawageukia vijana, akawauliza nani kati yao alimfunga ndama mguu. Mzee akainamisha kichwa, na alipokiinua aliwaambia waiweke mikuki chini, waende wakaondoe miiba.

Shairi liliwatangulia. Wachungaji walilibeba hadi bondeni, na watu wa kilimani walipofika kisimani, waliwakuta wenzao wamesimama ng'ambo. Idil akajitokeza, naye akatoa shairi lake. Hakumsifu mumewe. Alisimulia habari za Liban: jinsi alivyombeba bibi yake Idil mgongoni mwaka wa mafuriko, akicheka njia nzima. Mama yake Ebyan alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mambo ya damu wazee waliyamaliza kwa mila zao, lakini maji yalivutwa mchana uleule.

Na tangu siku hiyo, hapo Gudane maji hayanywewi kabla mshairi hajasimulia, na wa kilimani husimulia ya bondeni, wa bondeni ya kilimani. Siku hizi ipo mashine, na wimbo wa ndoo umepotea pamoja na walioujua. Hata hivyo, mashine huzimwa kidogo asubuhi ili mshairi asikike. Majuzi mzee mmoja wa bondeni alimsikia msichana wa shule, mtoto wa kilimani asiyemfahamu, akimtaja marehemu baba yake mzee huyo na wema wake. Akavua kofia, akaketi vumbini na madumu yake, akasikiliza mpaka mwisho.