Ngoma ya Siwema

Siwema aliachiwa na wazazi wake ngoma moja tu, nayo ilikuwa na nyuso mbili. Uso mmoja baba yake, mtu wa mlimani, aliuwamba kwa ngozi ya ng'ombe. Wa pili mama yake, mtu wa bondeni, aliuwamba kwa ngozi ya mbuzi. Kamba zilipita ubavuni, zikaufunga uso huu na ule. Mmoja ulinguruma, mwingine ulilia kwa sauti nyembamba, na Siwema alizipiga zote kwa pamoja, maana ndivyo alivyosikia nyumbani kwao tangu tumboni.

Alitamani jambo moja: kupiga ngoma siku ya mavuno mbele ya watu wake. Akapanda mlimani. Wakaicheka ngozi ya mbuzi, wakamwambia aing'oe kwanza ndipo aingie uwanjani. Akateremka bondeni. Kule nako wakaziba pua kwa sababu ya ngozi ya ng'ombe. Watu wale hawakupatana kwa lolote, ila kwa hilo walikuwa kitu kimoja.

Siwema alichoka kuwa mgeni kila anakobisha hodi. Akachukua kisu na, Mungu amsamehe, akakata kamba moja upande wa mama yake. Papo hapo ngozi ya baba nayo ikalegea. Akaipiga, ikatoa mlio wa gunia tupu. Akaketi chini akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akaiunga kamba ile kwa fundo, akaivuta mpaka viganja vikachubuka.

Siku ya mavuno hakungoja kualikwa. Alisimama sokoni, mahali ambapo mlima na bonde hukutana watake wasitake, akaitundika ngoma shingoni na kuzipiga nyuso zote mbili. Mzee mmoja wa mlimani akamfokea aseme mbele ya watu yeye ni wa upande gani.

"Shikamoo, mzee wangu. Ukiikata kamba ya ngozi yao, na yenu inanyamaza. Nimekwishajaribu, na sitajaribu tena."

Akaendelea kupiga. Wengine waliondoka wakisonya. Waliobaki, wa juu na wa chini, walicheza mpaka vumbi likawafika kiunoni, na fundo halikufunguka.

Basi ninyi mnaomtaka mtu achague upande mmoja wa damu yake, kisu hicho mmekabidhiwa na nani?